Taa Nyekundu, Piga Katikati

Jumatatu, 8 Agosti

Bingwa! Alama laki tisa na ushei kwenye gemu ya ngoma, pale ukumbi wa michezo karibu na stesheni. Wanafunzi wamenipigia makofi. Kiduara chekundu kikija kwenye skrini, piga katikati; cha buluu, piga ukingoni. Kuna nini tena cha kujifunza? Jumamosi ni ngoma ya sikukuu ya Bon, wafu wanaporudi kutusalimia. Ni Bon ya kwanza tangu Mama afariki. Nataka akirudi asikie mkono wa mwanawe. Kikwazo ni Hirukawa, muuza tofu, ile jibini ya soya, aliyeing'ang'ania ngoma ya mtaa miaka ishirini.

Jumatano, 10 Agosti

Nimemwendea Bi Kinue, mwenyekiti wa mtaa. Nikamwambia nina cheti. Sina, nina picha ya skrini. Aliikodolea macho, akauliza haya maua yanayorukaruka ni nini. Nikasema ni majaji. Kanipa wimbo mmoja, kwa heshima ya marehemu. Hirukawa kanuna!

Alhamisi, 11 Agosti

Mazoezi. Nimechanganyikiwa. Ngoma haina skrini! Nimeizunguka mara mbili. Nikamuuliza Hirukawa nani ataniambia nipige lini. Kasema nitazame miguu ya wachezaji. Nao wanafuata nini? Wanafuata ngoma. Sasa nimfuate anayenifuata mimi? Akashika kichwa: "We Tadokoro, piga tu, baba!" Lakini alikiri mkono wangu hauchoki, na vijiti nimevishika sawasawa. Gemu oyee!

Jumamosi, 13 Agosti

Aibu. Nilipanda mnara wa mbao katikati ya uwanja, wachezaji themanini wamenizunguka chini kwa duara. Wimbo ukaanza. Macho yenyewe yakatafuta skrini, yakakuta taa za karatasi kwenye kamba, nyekundu na nyeupe, zikipepea mbele yangu. Nyekundu ikapita, nikapiga katikati. Nyeupe, ukingoni. Mambo yalikuwa safi kabisa! Kisha upepo ukaongezeka. Taa zikarukaruka, nami sikukosa hata moja. Chini, nusu ya duara ilikwenda mbele, nusu ikarudi nyuma. Bi Kinue akagongana paji la uso na karani wa posta. Shangazi Fusae alicheka mpaka akakaa chini.

Hirukawa akapanda mbiombio. Nikadhani atanitupa. Akanishika viwiko kwa nyuma, tukapiga pamoja mpaka mwisho. Sijui kwa nini.

Jumapili, 14 Agosti

Shangazi kasema Mama naye alicheka hivyohivyo kila nilipoharibu kitu, kwa hiyo jana hakupotea njia. Alijua hasa nyumba ni ipi. Nimelia kidogo.

Kisha nimeketi nikawaza, na kosa nimelipata. Hirukawa alisema kweli: ni miguu! Ila miguu yote inafanana, mtu ataijuaje? Nimeagiza jozi themanini za soksi, mguu wa kulia nyekundu, wa kushoto buluu. Bi Kinue bado hajaambiwa. Mwakani Hirukawa atajua hajui.