Kipakatalishi Chepesi na Mizani ya Kahawa

Jumatatu, 24 Novemba 2025

Siku kuu! Nimeanza shajara hii leo kwa sababu maisha yangu yanabadilika na inafaa kuwe na ushahidi.

Shangazi Angeline alipiga simu saa kumi na moja jioni. Yeye ni muuguzi kule Embu na hapigi simu bila jambo. Alimwambia Mama aweke sauti kubwa tusikie sote. Atatununulia laptop, mimi na binamu yangu Nelius. Moja. Ya kushirikiana. Atakuja Jumamosi twende naye dukani. Sharti lake: tuwe tumekwisha kukubaliana ni ipi. Tusipokubaliana, hataki kelele za watoto, pesa zitanunua tangi la maji la Nyanya.

Nyanya alikuwa ameketi hapo hapo akichambua maharagwe. Akasema yeye hana neno, tuelewane tu. Lakini niliyaona macho yake yakienda kwenye kona ya nyumba, pale mabati yanapomwagia maji.

Mwakani ninaingia Kidato cha Nne. Shule yetu ni ya kutwa na ina kompyuta sita, mbili hazina kibodi. Nikipata kipakatalishi changu mwenyewe (changu nusu) nitaweza kufanya mazoezi ya Hisabati nyumbani na kuandika insha bila kusubiri zamu. Nataka chepesi. Kwenda shule hapa Githongo ni kushuka bonde, kuvuka mto na kupanda upande wa pili, na mkoba wangu una vitabu tisa. Nelius hupanda mlima huo huo, ila yeye hana vitabu tisa. Ana viwili na mafuta ya mdomo.

Nelius anataka kubwa. Alisema hivyo hata kabla simu haijakatika.

Mwalimu wetu wa Kiswahili husema hoja isiyo na ushahidi ni kelele. Nitaleta ushahidi.

Jumanne, 25 Novemba

Mimi na Nelius tumekwenda mjini Makutano. Tuliingia duka la Gachoki, anayeuza laptop zilizotumika ng'ambo. Nilikuwa na maswali kumi na manne kwenye daftari.

Swali la kwanza lilikuwa la betri. Gachoki akasema inakaa siku nzima. Nikamuuliza siku ya saa ngapi, na skrini ikiwa na mwangaza kiasi gani. Akaniuliza kwani mimi ni mtoto wa nani. Nilifika swali la tisa. Hapo akaomba kwa adabu niwapishe wateja.

Lakini tumepata mbili. Ndogo ni ya fedha, skrini inchi kumi na mbili, kibodi imara, kilo moja na robo. Kubwa ni nyeusi, inchi kumi na tano, uzito kilo mbili, na herufi zake huwaka taa nyekundu na buluu. Uwezo wa ndani ni ule ule, Gachoki aliapa.

Nilimuuliza Nelius taa ni za nini. Akasema za kusomea gizani. Nikamwambia skrini ina mwanga tayari. Akasema mimi ndiye sielewi maisha. Kuhusu ile ndogo akasema, mbele ya watu, "Hiyo si laptop. Hiyo ni simu imenona."

Watu walicheka. Hata mimi karibu nicheke. Sikucheka.

Njiani nikamkumbusha habari ya mlima. Akasema kilo mbili si kitu, hata kuku ana kilo mbili. Nikasema hakuna anayekwenda shule na kuku. Akasema sijasafiri.

Jumatano, 26 Novemba

Mpango wa kwanza. Mzuri sana!

Nilichukua pakiti ya unga ya kilo mbili jikoni, mpya, haijafunguliwa. Nikaifunga kwa gazeti. Nikamwambia Nelius aibebe kwenye mkoba wake tangu asubuhi hadi saa nane, kila aendako, kama laptop. Akihema hata mara moja, nimeshinda. Alikubali upesi mno. Hapo ndipo nilipopaswa kushuku.

Tulishuka mtoni, tukapanda, tukashuka tena kuchukua kuni. Hakuhema. Aliimba! Pambio zima na kiitikio. Nilimfuata nikisikiliza pumzi yake. Mimi ndiye niliyehema.

Saa nane nikafungua mkoba. Ndani mlikuwa na sweta. Unga ulikuwa kwenye kibanda cha Mama Alice tangu saa tatu. Nelius alijitetea kwamba tulikubaliana kuhusu mkoba na mkoba amebeba. Nikamwita mdanganyifu. Akaniita karani wa kura. Tukapigiana kelele hadi Mama akatoka kuuliza unga wake uko wapi.

Nyanya alisema kwa upole kwamba tangi halina shida ya uzito. Hukaa mahali pamoja.

Zimebaki siku tatu.

Alhamisi, 27 Novemba

Nimeliona kosa langu la jana. Sikuwa na mamlaka! Anayebishana na mimi atabishana, lakini hakuna anayebishana na mizani.

Baba Mdogo Mutwiri, babake Nelius, ndiye karani wa mizani kwenye faktari yetu ya kahawa kule bondeni. Akisoma namba, mkulima huiandika, basi. Kwa hiyo baba yake mwenyewe angepima zile kilo mbili mbele ya watu, azitamke kwa sauti ile ya kazini, na Nelius aone haya. Nikamwambia twende tukamsalimu babake. Akaja.

Tulifika saa kumi. Foleni ilikuwa hadi langoni, magunia ya kahawa nyekundu, watu wamechoka. Nikaomba kupima kitu kidogo. Baba Mdogo akasema niondoke na mchezo. Mzee mmoja aitwaye Njiru, ambaye hulalamika hata mvua ikinyesha vizuri, akasema wamwachie mtoto apime, kwani yeye amesimama hapo tangu saa nane na hajafa.

Nikatoa mkobani pakiti ile ile ya unga, niliyoifuata kwa Mama Alice, nikaiweka kwenye mizani. Namba nyekundu zikatulia.

Kilo moja.

Nelius aliruka juu. "Kilo moja! Baba, soma! Kilo moja!" Akasema laptop yake ni nyepesi kuliko kuku, mizani imenena. Nilitamani ardhi inimeze. Ushahidi wangu, kwa mkono wangu!

Ndipo mzee Njiru akaomba aione ile pakiti. Akaisogeza mbali, akaileta karibu, akasoma kwa sauti kile kilichochapishwa: kilo mbili. Akairudisha kwenye mizani. Kilo moja.

Foleni yote ikasogea mbele.

Baba Mdogo akaeleza. Mashine hutoa kilo moja yenyewe, kwa ajili ya gunia. Ndiyo sheria, kila mtu anaijua. Njiru akauliza gunia gani. Baba Mdogo akasema gunia, gunia tu. Njiru akachomoa gunia tupu kutoka kwapani, la nailoni kama yote ya siku hizi, akalikunja vizuri na kuliweka juu ya unga.

Namba zilisogea kidogo sana. Hata robo kilo haikufika.

Mama mmoja mzee akasema ile kilo ni ya magunia ya katani, yale mazito ya zamani. Mwingine akauliza ya katani yalikwisha lini. Mwingine akajibu, kabla huyu mtoto hajazaliwa. Wote wakanitazama. Nikasema mimi nimekuja kwa habari ya laptop tu. Hakuna aliyesikia.

Kila gunia. La kila mtu. Kila msimu! Nilianza kupiga hesabu kichwani nikaacha, maana watu walikuwa wanapiga kwa sauti. Njiru akapaza, "Mutwiri, umekula kahawa yangu mbichi!" Baba Mdogo alishika kalamu kama mtu anayeshika ukingo wa daraja. Si yeye aliyeiweka ile kilo. Aliikuta. Mimi najua, lakini hakuna aliyeniuliza.

Unga umebaki faktari kama kielelezo. Hakuna ugali; tumekula githeri, mahindi na maharagwe.

Ijumaa, 28 Novemba

Baba Mdogo ameitwa mbele ya kamati ya wakulima. Mama haongei. Nyanya anaongea, lakini na Mungu.

Nelius alinipita njiani bila salamu. Kisha akarudi. Alisema hivi, polepole: babake akifutwa kazi, nitaupata huo wepesi ninaoutaka, kwa sababu kwao hakutakuwa na mzigo wa kubeba, hata wa chakula. Hakuwa anachekesha.

Nikalia kidogo nyuma ya zizi. Kisha nikaandika barua ya kuomba radhi, utangulizi, hoja tatu na hitimisho. Nikamwonyesha Nyanya. Alisema mtu aliye matatani hapelekewi barua, hupelekewa chai.

Nikapeleka chai. Baba Mdogo alikuwa kwenye ngazi za nyumba yake, amevaa koti lake la kanisani, anasubiri kuitwa. Alikunywa nusu kikombe. Halafu akauliza, "Igoki, huo unga ulikuwa wa nini hasa?" Nikamweleza yote, taa za rangi, kuku, sweta, kila kitu. Akainua kikombe anywe tena. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, maskini, hadi chai ikamwingia puani.

Jioni habari zikaja. Kitabu cha zamani cha kamati kimepatikana. Ile kilo iliandikwa na kamati ya wakati wa katani, na kila kamati iliyofuata iliiacha ilivyo. Kuanzia Jumatatu gunia litatolewa uzito wake wa kweli, na msimu huu wote utarekebishwa. Baba Mdogo anabaki kazini! Mzee Njiru alikuja kumwomba radhi na mkungu wa ndizi. Alilalamika kwamba mkungu ulikuwa mzito.

Mimi na Nelius hatujasemezana tena. Shangazi ni kesho.

Jumamosi, 29 Novemba

Shangazi Angeline alifika saa nne, akavua viatu, akauliza swali moja. Tumekubaliana?

Nilikuwa nimeamua kusema kubwa. Kwa kweli! Niliamua asubuhi, kwa ajili ya amani. Lakini mdomo ulipofunguka ulisema nyepesi. Nelius akasema kubwa wakati huo huo. Nyanya alikuwa amekwisha kusimama kuonyesha tangi litakaa wapi.

Baba Mdogo akaomba kusema neno. Alishika kofia yake mikononi. Alisema miaka kumi na mitatu amesoma namba na watu wakamwamini, na wiki hii amejua alikuwa akiwasomea uongo bila kujua. "Sasa leo nasoma bila mashine," akasema. "Kilo mbili ni kilo mbili. Mtoto akizibeba kila siku mlimani, ni kilo mbili kwenda na mbili kurudi. Sitaki kusikia tena kwamba ni moja."

Alimtazama Nelius. Nelius alitazama miguu yake. Kisha akasema sawa, nyepesi, lakini wiki ya kwanza ni yake.

Nikakubali kabla ya kufikiri. Nyanya akaketi. Shangazi akamshika mkono akasema tangi halijasahauliwa, Pasaka si mbali. Nyanya akasema mvua bado ipo.

Makutano! Gachoki aliponiona mlangoni alivuta kiti akaketi yeye. Nikauliza maswali matano tu yaliyobaki. Shangazi akalipa. Nikaipakata njia yote kama kifaranga, nikaelewa kwa nini huitwa kipakatalishi. Nyumbani nikaandika jina langu la kwanza kwenye skrini: Igoki. Nelius akaandika lake chini yangu, herufi kubwa zaidi, za zambarau. Tukacheka wote wawili.

Mwakani nitafaulu. Naandika hapa ili kuwe na tarehe.

Jumapili, 30 Novemba

Nimejifunza mengi wiki hii. Nimejifunza kwamba ukitaka kitu, kiombe kwa moyo wazi na uwaache wenzako wakuelewe. Usimwaibishe ndugu mbele ya watu. Nimeyapigia mstari maneno haya.

Leo baada ya kanisa Nelius alikaa na laptop saa tatu na nusu. Nilipima kwa saa ya ukutani. Dakika kumi na nane zilikuwa za Biolojia. Zilizobaki zilikuwa za kutazama jinsi watu wanavyosuka nywele. Kwa haki, mtu wa dakika kumi na nane hawezi kuhitaji wiki nzima. Kuwa nayo hadi Jumatano kungemtosha. Nilimweleza kwa moyo wazi. Akasema nina kidomodomo.

Kwa hiyo nimechora jedwali. Siku, saa, dakika za masomo, dakika za nywele. Linahitaji tu mtu mwenye mamlaka alisome. Na sasa hakuna mtu anayeaminika bonde hili lote kuliko Baba Mdogo Mutwiri.

Kesho alasiri mizani inaanza upya, kila mkulima atakuwa pale faktari. Jedwali nimeliandika kwa kalamu nene, herufi kubwa, ili hata walio nyuma kabisa kwenye foleni waweze kusoma.