Mgomo wa Wachota Maji

Jumatatu, 8 Agosti 1966

Siku kubwa! Nitakapokuwa mbunge nitaitaja. Asubuhi mzee Abdow, mchota maji, alikuja stoo ya idara ya barabara ninakofanya kazi, macho mekundu. Punda wake amekamatwa! Alikata kamba jana, akakutwa nje ya sengenge ya mji kafyu ikiwa imeanza. Afisa wa usalama anasema punda wa namna hiyo huenda anawabebea mashifta, wale waasi, maji. Ijumaa anapakiwa kwenye lori la msafara, akauzwe Thika. Nikamuuliza Abdow kama ana punda wengine. Akasema hana, na wajukuu wanakula kwa mgongo wa huyo huyo. Niliumia, kweli.

Halafu akili ikaamka. Mimi ni katibu wa chama cha wafanyakazi, tawi la Garissa. Jumamosi tunachagua mwenyekiti. Mpinzani wangu ni Gitau, dereva wa greda, ambaye sera yake ni kucheka kwa sauti na kugawa sigara. Wachota maji ni wanachama, tena wengi. Nikimkomboa punda, kura zao ni zangu! Nimetangaza mgomo. Kwa sasa nimemtangazia mke wangu, Mwikali, peke yake. Aliuliza sisi wenyewe tutakunywa nini. Hana upeo wa kisiasa.

Jumanne, 9 Agosti

Mikutano imepigwa marufuku kwa ajili ya hali ya hatari. Lakini nani amekataza kutembea? Nimefanya mkutano wa kutembea! Nimeandamana na punda kutoka mto Tana hadi geti la mji, nikimnong'oneza mchota maji mmoja baada ya mwingine. Punda wa Nunow alinipiga teke la paja. Niliendelea kuhutubia nikichechemea.

Nunow ndiye msemaji wao. Nilimweleza kwamba kuanzia kesho hakuna kazi katika nyumba za serikali mpaka punda arudi. Akakubali. Akaanza kuniuliza habari ya mtu mwenye kiu. Nikamkatiza: kiu ndiyo silaha yetu! Akanitazama sana, akaenda zake.

Jumatano, 10 Agosti

Mgomo! Niliamka koo kavu, moyo mkunjufu. Nikasimama karibu na nyumba za maofisa nione wanavyoteseka. Nikamwona nani? Nunow! Yuko jikoni kwa Afisa, anamimina debe!

Nikamvuta kando. Nikamwambia kugoma ni kukataa. Akasema wamekataa, hakuna hata mmoja aliyepokea malipo. Lakini mpishi alitoka akasema watoto wana kiu, na kwa mila ya wachota maji anayeomba maji hanyimwi, hata awe adui. "Besa tumekataa, bwana Musembi. Lakini mtu ana kiu, unamwambia habana, hakuna maji?" Nilikuwa na kiu mimi mwenyewe. Akanipa maji, nikanywa.

Mji mzima unakunywa bure! Gitau amejaza mapipa na anawadokezea watu kwamba ni mpango wake. Mwikali amefua mapazia.

Alhamisi, 11 Agosti

Afisa ameniita! Nilijua ni kizuizini. Nikavaa tai. Nikamuaga Mwikali kwa maneno mazito, akaniambia nikirudi nipitie chumvi.

Afisa alitaka kujua ni nani aliyewaamuru wachota maji kuwahudumia bure, maana ananusa hila. Nikasema ni Gitau. Mungu anisamehe, lilitoka lenyewe.

Hapo hapo mzee Abdow akaingia uani. Kwa kuwa hana punda, debe alilibeba begani, njia yote kutoka mtoni, shati limelowa chapachapa. Akalitua polepole. Akamwamkia Afisa, akamwombea heri, wala hakutaja punda. Akageuka kwenda kuleta jingine. Afisa alimtazama mpaka akapotea getini, kisha akaniambia niende, kwa sauti ya chini.

Nilitoka uani. Aibu ilinishika, ya Afisa na yangu. Uenyekiti niliusahau kabisa mpaka nilipofika dukani kwa chumvi.

Ijumaa, 12 Agosti

Msafara umeondoka. Punda hakupakiwa! Afisa alimleta mwenyewe, ameshika kamba, akamkabidhi Abdow na kumwambia amfundishe huyo mnyama saa za kafyu. Abdow akamkumbatia punda shingoni na kulia mbele ya watu wote. Mkewe, Mama Ebla, akapiga vigelegele. Na mimi nililia. Sioni haya kuandika.

Machozi yalikauka ghafla. Afisa alimwita Gitau mbele, akampa mkono na kumshukuru kwa ukarimu wa wafanyakazi wake. Wake! Gitau alitabasamu kama bwana harusi.

Jumamosi, 13 Agosti

Gitau ndiye mwenyekiti. Mimi nilijipigia kura, na mzee Abdow akaninyoshea mkono wa kura. Alimnyoshea Gitau vilevile. Aliniambia hakutaka mtu yeyote aende nyumbani na huzuni.

Jumapili, 14 Agosti

Kanisani sikusikia mahubiri, nilikuwa nafikiri. Kosa langu nimeliona. Maji yanatoka mtoni, ni ya Mungu, hayafai kwa mgomo. Lakini maziwa! Maziwa yana mwenyewe! Mama Ebla na wenzake wanauza maziwa sokoni, na geti linachelewa kufunguliwa hadi yanachacha. Dhuluma! Na kiti cha baraza la kaunti kiko wazi.

Jioni nimemfuata Mama Ebla, nikamweleza kila kitu: kuanzia kesho hakuna kuuza, mpaka maofisa watakapokuja wenyewe kumbembeleza. Alikubali mara moja, hata sikumaliza hotuba. Aliuliza jambo moja tu: hao maofisa watakuja wangapi, ili yeye na wenzake wakamue maziwa ya kuwatosha wote.

Mwanamke makini! Nimemwambia ajiandae kwa wengi.