Kitako cha Chombo cha Bluu

Jumamosi, 8 Juni

Nimepata! Nimepata! Naandika mbiombio, mwandiko uvumiliwe.

Nilikuwa natoka kununua misumari ya uzio, nikaona kibao kando ya barabara: mitumba ghalani, kahawa ipo. Breki! Ni kwa Torkel, yule wa ng'ombe wekundu. Na pale, kati ya viatu vya kuteleza barafuni na ndoo ya kukamulia, kimesimama chombo cha kuwekea ua moja. Bluu ya moshi. Shingo nyembamba kama kidole changu cha mwisho, kitako kizito, kioo kinene. Nikajikausha. Nikaulizia viatu vya barafuni.

Torkel akasema kichupa hicho kilikuwa cha shangazi yake, kimelala kabatini ndani ya soksi tangu yeye hajazaliwa. Akasema nikichukua viatu nibebe na hicho, kinamjazia nafasi. Nikabeba vyote. Viatu havinitoshi. Sijali!

Solveig, mke wangu, hakushangilia. Akasema dirisha la jikoni limejaa vichupa hadi hatumwoni mtu wa posta akija. Akanikumbusha maneno yangu ya Krismasi, niliyoyatamka mbele ya ndugu zake wote huku nimeshika paja la nguruwe: mwaka huu chama cha wakusanyaji wa vyombo vya kioo kisipochagua chombo changu kusimama kwenye dirisha la maktaba kiangazi kizima, nauza vyote. Vyote! Nikamwambia aanze kuzoea kusoma jina la Ragnvald Hjelm pale maktaba. Miaka mitatu mfululizo limeandikwa la Gunvor. Gunvor! Jirani yetu! Mtu anayetia maua ya plastiki kwenye kioo cha kale bila haya!

Jumapili, 9 Juni

Kuna kasoro. Kitako ni kisafi mno.

Kila mkusanyaji anajua: chombo kilichokaa dirishani miaka nenda rudi husuguka chini. Hiki kinang'aa utadhani kimetoka dukani jana. Kuna vimchoro vichache tu ukingoni, vyembamba, vimepindapinda, kama kazi ya mtoto mwenye msumari. Ningevitazama kwa lenzi, ila lenzi yangu anayo Gunvor. Nilimwazima Pasaka, akasema anairudisha kesho yake. Solveig ananiambia nivuke tu nikaiombe kwa adabu kama watu. Thubutu! Gunvor akiniona nataka lenzi atajua nina kitu. Mke wangu haelewi kabisa mambo ya vita.

Jumatano, 12 Juni

Dawa imepatikana! Tena rahisi hadi nimecheka peke yangu kwenye gereji.

Uzee ni mikwaruzo. Mikwaruzo ni msasa. Msasa ninao! Nimesugua kitako taratibu, duara baada ya duara, huku napiga mluzi. Vile vimchoro vya msumari vilikuwa vinaharibu sura, nikavipitia kwanza. Kisha nikakisimamisha chombo ndani ya makapi ya kahawa ya Solveig, kipate weusi wa miaka mingi. Kabla ya chakula cha mchana kilikuwa kimezeeka kuliko babu yangu!

Gunvor akachungulia juu ya michongoma, akauliza nasugua nini. Nikamjibu kijiko. Akauliza tangu lini kijiko kikawa na shingo na kitako. Acha aulize. Jumamosi, chama kikichagua, ataulizia leso.

Alhamisi, 13 Juni

Supu ya njegere na chapati za maji zenye jamu, kama Alhamisi zote. Sikula. Furaha imenijaa tumboni.

Nimempigia simu Ingegerd, mtaalamu wa kioo anayetuamulia kila mwaka. Nikamuuliza kijanjajanja yeye hutazama nini kwanza. Akasema umbo hudanganya, kwa sababu vyombo vizuri viliigwa sana. Anaamini vitu viwili tu: maandishi ya kiwanda yaliyochorwa kitakoni kwa ncha ya almasi, au kibandiko cha karatasi cha kiwanda chenyewe. Nikamshukuru. Changu hakina maandishi. Hakina kibandiko. Lakini kina uzee wa kumwaga! Nimefanya mazoezi ya hotuba mbele ya kioo cha bafuni. Solveig akagonga mlango akauliza naongea na nani.

Jumamosi, 15 Juni

Siwezi kuandika. Naandika.

Ukumbi wa kanisa. Kahawa, biskuti aina saba, meza ndefu yenye kitambaa cheupe. Gunvor kaleta chombo cha rangi ya waridi kilichomeguka mdomo. Nikamwonea huruma! Akaja kwangu akanirudishia lenzi, imefungwa pamoja na biskuti za mdalasini, akaomba radhi kwa kuchelewa. Nikaipokea kama mfalme.

Ingegerd akapita, akafika kwangu, akasimama. Akakiinua chombo kuelekea dirishani. Kisha akakizungusha mwangani mara tatu! Akasema kwa sauti ndogo kwamba bluu hii ilipikwa kwenye kiwanda cha Björkefors, majira ya kuchipua ya mwaka mmoja tu, kabla kiwanda hakijaungua. Akasema maisha yake yote ameona kimoja tu, nyuma ya kioo cha makumbusho. Watu wakaacha biskuti wakasogea. Solveig akanishika mkono! Kichwa kilinivimba hadi kofia ikabana. Nikafungua mdomo nianze hotuba.

Ingegerd akasema kilichobaki ni kuona maandishi. Akakipindua.

Akakisogeza karibu na macho.

Akaomba lenzi. Nikampa yangu, jamani, kwa mkono wangu mwenyewe! Akatazama, akatazama tena. Akasema hapa ukingoni umebaki mkia wa herufi na nusu ya tarakimu. Yaliyobaki yamefutwa. Akauliza ni mnyama gani amefanya hivi.

Nikasema ni umri.

Gunvor akainama, akanusa. Akauliza, mbele ya chama kizima, tangu lini umri ukanukia kahawa.

Ukumbi ulicheka mpaka biskuti zikawapalia. Ingegerd hakucheka. Alikuwa na machozi. Akasema pole, bila maandishi hawezi kuthibitisha, na kisichothibitishwa hakisimami dirishani. Mshindi: Gunvor. Na mdomo wake uliomeguka!

Mkono wa Solveig ulikuwa umeshatoka kwenye wangu. Nyumbani alitundika kibao barabarani: vichupa vinauzwa.

Jumapili, 16 Juni

Vimekwenda. Kijani cha bibi yangu, kile cha shingo ya bata, vyote. Torkel alikuja akanunua viatu vyake mwenyewe vya barafuni, akasema anavikumbuka.

Cha bluu alikichukua Gunvor. Nilimwambia wazi kimeharibika, hakina thamani. Akasema yeye hakusanyi thamani, anapenda rangi. Saa hii kimesimama jikoni kwake, kinatazamana na jikoni kwetu, na ndani yake kuna yungiyungi moja la bondeni. La kweli, si la plastiki! Limependeza. Nimelia kidogo. Solveig akaja akanikalia karibu, akaniambia sasa angalau tunamwona mtu wa posta.

Nimejifunza. Naandika kwa herufi kubwa: MSASA NI MWIKO.

Jumanne, 18 Juni

Leo ni leo! Nimepata!

Nilikuwa nakwenda kurudisha misumari iliyozidi, nikaona kibao. Nilitazama tu. Kumbe, nyuma ya taa mbovu, chombo cha ua moja, rangi ya kaharabu, chembamba, kitamu! Na chini kimesuguka chenyewe, uzee halali! Gunvor ajiandae, mwakani dirisha la maktaba ni langu. Solveig bado hajui. Nimekificha gereji.

Msasa sikuugusa. Nimeutupa kwenye pipa la taka, nimeapa, na nimetimiza. Mtu hujifunza! Lenzi ipo mfukoni, lakini kwanza usafi, maana ubavuni kilikuwa kimeng'ang'aniwa na kijikaratasi kikuukuu, cha manjano, chenye vimaandishi visivyosomeka. Kimechafua sura yote.

Nimekiloweka chombo kwenye maji moto na sabuni. Kijikaratasi kimeanza kulegea vizuri sana.