Kalamu Nyekundu Alivyoikagua Boti ya Daktari wa Meno

Sogeeni, enyi mliowahi kulipia kitu kilichotumika mkaapiwa kuwa ni kama kipya. Sogeeni nanyi mliokalia kiti cha mkono wa pili mkajikuta sakafuni. Wekeni vikombe chini, zimeni redio, watulizeni watoto, kwa maana nawaletea habari ambayo majemadari wa kale wangeililia wivu lau wangekuwa na nafasi: habari ya mtu aliyetoka nyumbani kwake asubuhi, silaha yake ikiwa orodha ya kurasa mbili, akaenda kukagua boti.

Jina lake la vita lilikuwa Kalamu Nyekundu. Kazi yake ilikuwa kusahihisha vitabu vya shule kabla havijapigwa chapa, na katika kazi hiyo alikuwa amefyeka koma kwa maelfu bila kuonea huruma hata moja. Kosa la mtu mwingine halikuwahi kumponyoka. Makosa yake mwenyewe hakuyaona kwa sababu, kwa maelezo yake, hayakuwapo.

Mkewe, Malkia wa Kamba, alikuwa mwalimu wa kuteleza juu ya maji. Wanafunzi wake walivutwa na boti ziwani, wengine kwa ski, zile mbao mbili ndefu za miguuni, wengine kwa ubao mmoja, na alikuwa hodari wa kazi hiyo kiasi kwamba mumewe hakuona haja ya kumuuliza lolote kuhusu boti. Ile ya kwanza aliichagua shujaa peke yake. Chini ya zulia lake zuri la kijivu, sakafu ilikuwa imeoza kama ndizi iliyosahauliwa, na siku ya kuizindua mama mkwe alipanda na heshima zake zote, akatumbukia hadi magotini, wakamchomoa watu wanne. Tangu hapo mama mkwe, akimtaja shujaa mbele ya bintiye, husema tu "huyo wako".

Basi usiku wa kuamkia safari, Malkia alikuwa ametoa amri akiwa anakunja nguo. "Mume wangu, hii ndiyo mara ya mwisho. Ukituletea kimeo kingine, kuanzia hapo mume wa dada yangu ndiye atakayenunua kila kitu cha nyumba hii. Hata soksi zako."

Mume wa dada, ili mwelewe uzito wa amri hiyo, ni mtu aliyenunua jokofu lililotumika likadumu miaka kumi na mitatu, na hajawahi kula mezani kwao bila kulitaja. Shujaa alilala akiliona jokofu hilo ndotoni. Kwa kweli alikuwa na hofu, na mimi simcheki kwa hilo, maana mwanamume anaweza kustahimili mengi lakini si kuchaguliwa soksi na mume wa dada.

Mwenye boti alikuwa daktari wa meno mstaafu, mpole, aliyeiuza kwa sababu mgongo ulikuwa umemkataa. Boti ilikaa juu ya tela lake uani, karibu na maji: ya buluu, yenye mnara wa chuma wa kufungia kamba, na nyuma mifuko mikubwa ya kujazwa maji, ili boti ididimie kidogo na kuacha wimbi refu la kurukia. Shujaa alisimama mbele yake, akaifungua orodha yenye vipengele thelathini na vinne, akakohoa.

"Ewe Daktari," akanena, "mng'oaji wa magego, mtulizaji wa mataya, fahamu ya kuwa leo hakuna ufa utakaojificha, wala kutu itakayopata kichaka. Nimekuja na sheria, na sheria haina rafiki."

"Sawa tu, kagua," akasema Daktari. "Chai ipo."

Ndipo vita vikaanza. Alikanyaga sakafu yote kwa kisigino, shubiri kwa shubiri, akisikilizia ulaini wa uozo, na sakafu ikamjibu kwa ugumu. Aligonga ubavu wa boti kwa kitako cha kalamu, sikio likiwa limebandikwa kwenye faiba, na kila pigo lilitoa sauti ile ile ya kitu kizima. Aliweka kiganja juu ya injini, kwa kuwa injini iliyopashwa moto kabla mnunuzi hajafika ni injini yenye siri. Ilikuwa baridi. Alichomoa kijiti cha oili, akakinusa, akakitazama juani, akakinusa tena kwa pua ya upande wa pili. Kusema kweli alianza kukereka, maana hakuna kinachomuudhi msahihishaji kuliko ukurasa usio na kosa.

Ndipo akafika kipengele cha kumi na tisa: *Fungua kizibo cha chini, nyuma ya boti, uone maji yatakayotoka.* Akapiga goti, akakifungua kile kizibo cha shaba, kikubwa kiasi cha kidole gumba. Pakatoka maji kijiko kimoja, masafi. Akatia alama ya vema, na kizibo akakitia katika mfuko wa shati pamoja na kalamu. Orodha ilisema kifunguliwe, haikusema kirudishwe, na msahihishaji wa kweli haongezi neno lisilokuwamo katika muswada. Mimi nimeona, nanyi mmeona. Lakini Daktari alikuwa ndani akitafuta funguo, na Malkia, aliyekuja kuijaribu boti majini, alikuwa akijifunga jaketi la kujiokolea, hivyo boti ilisukumwa majini ikiwa na tundu wazi na mkaguzi mwenye furaha.

Daktari alishika usukani. Shujaa alikaa nyuma, uso ukimtazama mkewe aliyekuwa majini, ubao miguuni na kamba mkononi. Kabla ya kuondoka, aliamuru boti itulie kwa muda mrefu ili asikilize mngurumo wa injini, kipengele cha ishirini hadi cha ishirini na nne. Kisha wakazunguka ziwani, na kila mzunguko ulipoisha aliamuru isimame tena, apate kuandika kwa hati nzuri. Na kila iliposimama, ziwa liliingia taratibu, bila kelele, kama jirani anayejua mlango haufungwi.

Mzunguko wa kwanza, wimbi lilikuwa la kawaida. Wa pili, likapanda. Wa tatu, Malkia aliruka juu yake mpaka shujaa akauona upande wa chini wa ubao, naye alipotua aliinua dole gumba kwa furaha. "Hilo wimbi ni zuri mno," akapaza sauti boti iliposimama. "Na mifuko ya nyuma ni mitupu?"

"Mitupu kabisa," akajibu Daktari kwa fahari, huku naye akistaajabu.

Shujaa akaandika: *Wimbi: bora.* Kisha akahisi soksi zake zimelowa.

Maji yalikuwa yamepanda juu ya sakafu. Daktari akawasha pampu ya kutolea maji, nayo ikatema kamstari kembamba, ikafanya ilivyoweza. Malkia akaogelea hadi kwenye ubao wa kupandia ulioko nyuma ya boti, akajivuta juu, akakaa. Na Kalamu Nyekundu akainuka, maji yakimfika vifundoni, uso wake ukiwa umejaa nuru ya mtu ambaye hatimaye amepata kosa.

"Tazama, Daktari," akanena. "Kisigino kilidanganywa, sikio likadanganywa, lakini maji hayahongeki. Boti yako ina jeraha, na jeraha limenena."

Mzee wa watu alipiga magoti majini. "Miaka kumi na mmoja sijaona hata tone," akasema. "Sijui nikwambie nini. Sikukusudia kukudanganya. Kama unaitaka hivyo hivyo, chukua kwa nusu ya bei. Siwezi kupokea zaidi kwa kitu kinachovuja."

Malkia alimgeukia mumewe. Alikuwa akitweta, nywele zimemshika usoni, na jicho alilomtazamia hakuwa amemtazamia tangu kabla ya ile sakafu. "Pole, mume wangu," akasema. "Mimi ningeinunua bila kujua. Nilikudharau bure."

Shujaa akapeleka mkono mfukoni kutoa kalamu, aandike nusu ya bei. Vidole vikagusa shaba.

Enyi wasikilizaji, hapo ndipo palipokuwa na vita, na vile vya kisigino vilikuwa mchezo. Ziwa lilikuwa pana, kizibo kilikuwa kidogo, na ubavu wa boti ulikuwa hatua moja tu. Mkono ungening'inia, vidole vingelegea, na hakuna ambaye angejua milele. Angepata boti nzima kwa nusu ya bei, mke anayemwamini, na neno la kusema mume wa dada akianza habari za jokofu. Alisimama hivyo mpaka maji yakamfika katikati ya miguu. Akamtazama yule mzee aliyekuwa akipapasa sakafu ya boti yake kutafuta tundu lisilokuwapo, akaona haya, haya ya kweli, ya moto masikioni.

"Kizibo ninacho mimi," akasema. "Nilikifungua nikasahau kukirudisha. Kosa ni langu."

Ilikuwa hotuba fupi kuliko zote alizopata kutoa. Kisha akalala kifudifudi juu ya ubao wa nyuma, akazamisha mkono na bega na sikio moja, akatafuta tundu kwa kupapasa, akakikaza kizibo. Pampu, ilipoona haipigani tena na ziwa zima, ikaanza kushinda.

Daktari alikaa juu ya kiti kilicholowa. "Kumbe nzima," akasema polepole, akafuta macho. Bei ikarudi yote, bila kupunguzwa hata senti, na shujaa akatia sahihi kwa wino uliochuja.

Boti ikarudishwa juu ya tela. "Miaka kumi na saba," akasema Malkia, akimkamua mumewe shati mgongoni. "Miaka kumi na saba nasubiri kulisikia hilo neno. Mume wa dada akae na jokofu lake."

Basi wenye kuandika tarehe na waandike, na wachongaji wa mawe wakitaka kazi wachonge: siku ile, kabla ya saa sita mchana, mtu mzima alikosea, akasema mbele ya mkewe kwamba amekosea, na hakuna aliyekufa.