Kiti cha Utafiti Jumuishi

Kurugenzi ya Utafiti wa Matatizo ya Ulaji inautangazia umma kwamba kuanzia Jumatatu utafiti wake ni jumuishi: utampokea kila mtu, bila ubaguzi wowote, alimradi kiti kimtoshe.

Karani wa mapokezi alilisoma tangazo kwa fahari, maana ndiye aliyelipiga chapa. Kiti chenyewe kilikuwa cha chuma, chembamba, chenye mikono miwili. Wataalamu walishakubaliana kwamba mwenye tatizo la ulaji ni msichana mwembamba. Basi ambaye kiti hakimtoshi ni mzima, aende zake nyumbani. Kazi ikawa nyepesi.

Wa kwanza kufika alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, baba mzima, kifua kama kabati.

"Mwanangu, nisaidie. Najinyima siku tatu, halafu nafakamia kwa kujificha mpaka najichukia. Juzi nimeanguka kazini. Binti yangu kasema nisipokuja hanisemeshi tena."

Karani alimhurumia kweli, ila utaratibu ni utaratibu. Akamkalisha. Kiti hakikumtosha.

"Hongera, baba. U mzima." Akagonga muhuri.

"Mzima wapi? Nakwisha hivi hivi!"

Kelele zikamtoa Mkurugenzi ofisini, kitambi mbele.

"Kiti chetu hakibagui, mzee. Tazama!" Akajibwaga kwa nguvu. Kuingia aliingia. Kutoka kukamshinda.

"Kimemtosha," karani akaandika. "Anayetoshwa na kiti ahojiwe papo hapo, bosi, umesaini mwenyewe. Swali la kwanza: huwa unakula kwa kujificha?"

Mkurugenzi alicheka. Swali la tatu hakucheka. La tano alikuwa anatazama sakafu.

"La saba: ni nani ambaye hujui utamwambiaje?"

"Mke wangu," alinong'ona. "Mwaka wa kumi na tisa huu namficha."

Karani aliona uchungu, akataka kumshika mkono, lakini fomu haikuwa na nafasi ya hilo. Fundi akatoa msumeno wa chuma begini, akakata mikono ya kiti taratibu asimguse.

"Mwandike na fundi," Mkurugenzi alisema alipopumua.

"Hairuhusiwi, bosi. Yeye mzima."

"Basi futa kanuni!"

"Kufuta kunataka saini ya mtu aliyepimwa akaonekana mzima. Wewe ni mgonjwa namba moja. Mimi sijapimwa." Karani alipekua jalada. "Yupo mmoja tu."

Fundi akapewa kalamu. Akasaini polepole, akapuliza wino ukauke.

"Nimefuta," alisema. "Haya, sogea, mwenzangu, nami nikae."