Kengele ya Elfu Tatu

Jumatatu, tarehe 5 Januari

Leo nimeuza kengele ya baiskeli yangu. Elfu tatu! Mlinzi wa ghala kaitaka mwenyewe, kalipa papo hapo, kaondoka anailiza barabara nzima. Kengele ina kutu na sauti imebaki nusu.

Nikakaa kibarazani kupiga hesabu. Hesabu naziweza. Shule niliiacha darasa la sita kwa hiari yangu, mwalimu akalia. Baiskeli iliyotumika, nzima nzima, haizidi elfu arobaini. Sasa kama kengele mbovu ni elfu tatu, vipande vyote vilivyobaki je? Kumbe watu wanapunjwa tangu baiskeli iletwe duniani, na hakuna aliyegundua. Mpaka leo.

Mke wangu kaniuliza kama baiskeli iko sawa. Anashona sare arobaini za shule ya ng'ambo ya kilima, na lazima zifike Jumatatu ijayo asubuhi, kabla wanafunzi hawajapanga mstari. Zikichelewa, mwalimu mkuu kaapa kazi yote ataihamishia kwa mshonaji wa dukani. Kazi hiyo mke wangu kaifukuzia miaka miwili. Nimemjibu kwamba baiskeli haijawahi kuwa na thamani kama leo. Si uongo.

Jumanne, tarehe 6 Januari

Nimeifungua yote! Spana moja, nyundo moja, matusi kidogo.

Sasa bei. Mtaa wa pili yupo fundi baiskeli tunayemwita Kimya. Ukimuuliza bei ya kitu anakitazama, anataja namba moja, anarudi kujaza upepo. Hana maneno. Ndiyo maana hana gari. (Mimi pia sina, lakini kwa sababu nyingine.)

Bei yangu mimi inakuja na sababu zake. Nimekata vikaratasi, kila kipande nimekifungia chake, mkasa juu, bei chini. Tandiko: amelikalia waziri, kabla hajawa waziri, elfu kumi na mbili. Usukani: ulimkwepa chui mara mbili, chui yule yule, elfu kumi. Keria: ilibeba maharusi pamoja na kabati lao, elfu tisa. Mnyororo: ulivuta lori kutoka matopeni, elfu saba. Rimu mbili, kumi na sita. Fremu, ishirini. Pedali hazina mkasa wowote, kwa hiyo elfu sita tu.

Jumla elfu themanini. Nimejumlisha mara tatu kwa raha zangu.

Karatasi nimezipata kwenye kikapu cha mke wangu. Zilikuwa zimechorwa kola kola. Nadhani hazihitaji.

Jumatano, tarehe 7 Januari

Nimetandika turubai mbele ya kinyozi. Watu wamejaa! Wanasoma, wanacheka, wanaitana waje wasome. Hakuna aliyenunua. Mama mmoja kalibonyeza tandiko, kaniuliza, eti Mjomba, huyo waziri alikuwa mzito kiasi gani, mbona limebonyea upande mmoja?

Mchana nikapanga na kinyozi. Akija mteja wa kweli, yeye ajifanye analitaka tandiko, apandishe bei. Mteja akaja. Kinyozi akatoka na mkasi mkononi, akaanza vizuri. Kisha damu ikamchemka! Akasahau mpango, akaanza kunibania bei kama yuko sokoni. Kumi. Nane. Haya mzee, tano, tusisumbuane. Alipofika elfu nne mteja akasema kama hata nne ni ugomvi, basi kitu chenyewe kibovu, akaenda zake. Kinyozi kaniomba radhi, eti hajawahi kununua kitu bila kupunguziwa, mdomo umezoea.

Ijumaa, tarehe 9 Januari

Mke wangu kauliza zilipo karatasi za kola. Kumbe anazihitaji. Kauliza tena ilipo baiskeli. Nimesema iko matengenezoni. Kanikata jicho ambalo nimelihisi mpaka kwenye soksi.

Nikaanza kuiunga kwa siri nyuma ya choo. Kuunga ni kufungua kwa kurudi nyuma, mtoto anaweza. Nimemaliza kabla ya saa kumi. Zimebaki nati sita na kitu kama bakuli dogo. Nikipiga pedali mbele, usukani unageuka. Nikigeuza usukani, tandiko linashuka.

Nimeifungua tena, kwa usalama wa raia.

Jumamosi, tarehe 10 Januari

Maji yamefika shingoni. Ningeweza kumpelekea Kimya aiunge, lakini nikamwambie nini? Kwamba mimi, niliyewafundisha nusu ya mafundi wa mji huu (hawakumbuki), nimeshindwa na bakuli? La. Nikaona heri nimuuzie, kisha nikodi ya mtu Jumatatu. Mpango safi.

Nikabeba gunia, nikamsimulia kila kipande, chui, maharusi, lori, mpaka koo likakauka. Kimya kachungulia ndani. Kasema elfu kumi. Karudi kujaza upepo.

Nimepokea. Ila nimepokea kwa dharau.

Jumapili, tarehe 11 Januari

Nimezunguka tangu alfajiri. Hakuna anayenikodisha baiskeli. Wote wanasema wamesikia nilichoifanyia yangu.

Saa nne napita kwa Kimya, naiona! Imesimama, imeungwa, inang'aa mafuta. Vikaratasi vyangu bado vinaning'inia. Nikamuuliza bei kama mtu asiye na haraka. Kavinyooshea kidole, kimoja kimoja. Kasema themanini, Mjomba, mwandiko wako huo.

Nikamwambia chui hakuwepo. Kasema hilo ningelitaja jana.

Nimerudi nyumbani, nimemkuta mke wangu amekaa katikati ya sare arobaini zilizokunjwa. Nikamweleza yote, ukiacha machache. Hakupiga kelele. Kachukua mkoba, katoka. Baada ya nusu saa karudi anaisukuma baiskeli. Kainunua kwa elfu kumi na mbili. Kimya kamwambia hiyo bei ni kwa sababu hakumsimulia chochote.

Sasa baiskeli ni yake. Nikitaka kuipanda, niombe.

Jumatatu, tarehe 12 Januari

Nimeomba. Nimepewa.

Sare zimefika. Kilima kizima nimekipanda na mzigo, kengele sina, kwa hiyo kila kona nimelia ngriii kwa mdomo. Mbuzi wamenipisha. Mlinzi wa ghala kanipungia mkono, kanilizia kengele yangu. Mwalimu mkuu kahesabu sare, karidhika, kaagiza sitini nyingine. Mke wangu kafurahi mpaka kaniita baba watoto, neno ambalo sijalisikia tangu Jumanne.

Jioni nimetulia kibarazani, nimefikiri. Nani alidai elfu themanini kwa baiskeli ile? Kimya! Fundi wa miaka ishirini, asiyesema neno la bure. Na alidai kwa bei zangu, moja moja, bila kupunguza hata mia. Basi zilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa la wateja.

Mke wangu kalala mapema, kachoka. Cherehani iko pale dirishani. Nimeihesabu kwa macho tu: gurudumu, mkanda, kanyagio, vidroo viwili, na kile kijisindano cha juu sijui kinaitwaje.

Spana ninayo.