Subira Yangu kwa Dishon

Jumatatu, 6 Juni 1988

Povu wamefungwa tena. Jumamosi, hapa hapa Kisumu, sote tukitazama. Povu ni timu ya mpira wa kikapu ya kiwanda cha sabuni. Ina jina lingine refu, hakuna anayelitumia. Mimi, Absalom, fundi wa nguo wa mtaa wa Kondele, ndiye mwenyekiti wa mashabiki. Nilijichagua. Hakuna aliyepinga kwa wakati.

Lawama zote kwa Dishon. Kijana wa Pap Onditi, mrefu mpaka anainama akipita chini ya kibao changu cha tangazo. Kiwanda kilimwajiri Januari ili acheze, kikampa na chumba. Tangu hapo hajafunga kikapu cha maana. Jumamosi alirusha mpira ukapita juu ya ubao, ukavuka ukuta, ukatua kwenye karai la sambusa la Jentrix. Mafuta yaliruka! Jentrix ametuma watu, anamtaka mwenyekiti. Nimewaambia mwenyekiti yuko safarini.

Nicodemus Wanyonyi, fundi baiskeli ninayeshiriki naye baraza, amesema kijana arudishwe kwao akalime. Mimi nimesema apewe muda. Nasema hivyo kwa sababu ya haki. Pia kwa sababu Januari niliitangazia Kondele nzima kwamba huyu atachezea timu ya taifa, na nikataja mwaka.

Jioni, habari mbaya. Meneja wa kiwanda atakuja uwanjani Jumamosi hii. Dishon akivurunda tena mbele yake, anapoteza nafasi, kazi na chumba. Wanyonyi akadakia: Dishon akiondoka, uenyekiti ni wake yeye Wanyonyi. Watu wakapiga makofi. Wengi mno.

Jumanne, 7 Juni

Nimemngoja Dishon kwenye lango la kiwanda. Akatoka ananukia sabuni. Nikamuuliza tatizo ni nini hasa. Akatazama viatu vyake muda mrefu. Viko mbali.

"Mzee, mazoezini mipira inaingia," akasema. "Siku ya mechi nikishika mpira, kila mtu ananiambia la kufanya. Piga! Toa! Rudi! Hata mpira wenyewe siusikii ukidunda."

Akaongeza, kwa sauti ndogo, kwamba akifukuzwa hajui atamwambia nini mama yake. Kijiji kizima kilimsindikiza kwenye basi.

Nikamwelewa papo hapo. Sauti zimekuwa nyingi. Anahitaji sauti moja tu. Yangu.

Mwinjilisti wa kanisa letu ana kipaza sauti cha mkononi, kile cha kuhubiria sokoni Kibuye. Nimekiazima. Nilisema ni kwa kazi ya kumwokoa kijana. Akaniombea pale pale, nikashindwa kufafanua.

Jumatano, 8 Juni

Mazoezini. Kocha ni Mwalimu Kageha, mama wa Maragoli aliyecheza miaka mingi kabla ya magoti kukataa. Anaongea polepole, kama mtu anayemimina maziwa kwenye chupa.

Nilipofika, Dishon alikuwa anafunga kikapu baada ya kikapu. Nikaona huo ndio wakati mzuri wa kuanza kumsaidia.

"Kiwiko juu!" Kipaza sauti kikapiga mluzi wake. Mpira ukagonga chuma. "Magoti! Usifikiri sana!" Mpira ukagonga debe la maji ya kunywa. Debe likapinduka.

Mwalimu Kageha akanijia bila haraka.

"Baba, unampenda huyu kijana?"

Nikasema sana.

"Basi mpende ukiwa Kondele."

Nikamkumbusha kwamba mimi ndiye ninayemtetea mtaani, kwamba bila mimi wangeshamfukuza. Akakubali kwa kichwa. Kisha akasema, "Mimi nimempa msimu mzima, Baba. Wewe humpi hata nafasi ya kuvuta pumzi."

Nimeondoka kwa heshima. Mama huyu ana wivu. Iko wazi.

Alhamisi, 9 Juni

Mjadala mkubwa barazani. Wanyonyi alisimama na pampu mkononi kama mchungaji na Biblia. Alisema subira ni ya watoto na mbuzi, huyu ni mtu mzima anayelipwa. Alisema baiskeli isiyokwenda haibembelezwi, inafunguliwa. Watu wakacheka. Nikajibu kwamba kijana hana hata mwaka mmoja timuni. Nikajibu kwamba Mungu mwenyewe alichukua siku kadhaa kuumba dunia. Wanyonyi akauliza kama Mungu naye alikosa mitupo yote ya bure.

Nikawa nimeanza kupata maneno. Mikono juu, sauti imepanda. Nikasema sisi watu wa Kisumu tunapenda matunda lakini hatupendi kungoja, na kwamba subira ndiyo inayomtofautisha shabiki na mpiga kelele. Yawa! Hata mimi nilishtuka.

Hapo Selpha, mteja wangu, akaingia. Akasema hajui mpira wa kikapu, lakini subira anaijua vizuri, maana gauni lake liko kwangu tangu kabla ya Pasaka. Pasaka ilishapita, na Pentekoste pia. Akauliza kama yeye ni shabiki au mpiga kelele.

Walicheka mpaka Wanyonyi akakaa chini. Gauni la Selpha bado halina mikono. Nitalitazama kesho.

Ijumaa, 10 Juni

Sikulitazama. Nimepata wazo kubwa kuliko gauni. Mama yake! Kijana akimwona mama yake uwanjani, atapata nguvu. Nilipanda basi la asubuhi kwenda Pap Onditi.

Mama Dorca nilimkuta anapepeta mtama. Mwembamba, mrefu kama mwanawe, hana maneno mengi. Akanipa uji, akasikiliza. Nilipofika kwenye habari ya meneja, ungo ukasimama. Hakuna aliyemwambia. Dishon huandika kwamba mambo ni mazuri.

Nikamweleza mpango wangu. Akafikiri. Akasema yeye hajui kama ni vizuri. Huyu mtoto tangu udogo, ukimtazama akila, kijiko kinaanguka. Ukigeuka, anamaliza sahani.

Nikacheka. Nikamwambia hayo ni mambo ya vijiko. Hapa tunazungumza habari ya michezo ya kisasa.

Akaja. Amelala kwetu, mke wangu Seline amempa kitanda chetu. Seline ameniuliza kama kijana anajua mama yake yuko hapa. Nimesema hapana, hapo ndipo penye utamu wake. Seline amezima taa. Wivu unaenea.

Jumamosi, 11 Juni

Naandika polepole. Siku ilikuwa ndefu.

Uwanja ulijaa. Wapinzani walitoka Nakuru, vijana wa benki, soksi zao zote zinafanana. Meneja alikaa mbele, mikono kifuani. Wanyonyi alikuwa upande wa pili na watu wake. Nilimkalisha Mama Dorca nyuma kabisa ya kikapu, mahali Dishon lazima amwone.

Mwamuzi alipopuliza filimbi nikatangaza kwa kipaza sauti: "Dishon! Mama yako yuko hapa! Ametoka Pap Onditi mpaka hapa! Usimwaibishe!"

Kijana akageuka. Uso wake ukawa kama wa mtu aliyeitwa na chifu.

Nusu ya kwanza sitaki kuieleza yote. Alidunda mpira juu ya mguu wake. Alimpasia mwamuzi. Alikosa mtupo wa bure, na wa pili haukufika hata kwenye chuma. Nikamwelekeza bila kupumzika. Kadiri nilivyomwelekeza ndivyo alivyopotea. Upande wa Wanyonyi walianza kuimba arudi shambani. Nikaimba kuwapinga, kwenye kipaza sauti. Meneja aliandika kitu.

Mama Dorca hakuimba. Alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama mikono yake.

Wakati wa mapumziko nilikimbia kwenye benchi nimpe Dishon maneno ya mwisho. Mwalimu Kageha alimwita tu askari wa uwanja. Askari ni mtu mkubwa. Nilitolewa nje ya geti, mimi na kipaza sauti, mbele ya Kondele yote. Wanyonyi alinipungia mkono!

Nikasikia hatua nyuma yangu. Mama Dorca. Hakuna aliyemtoa, alitoka mwenyewe.

"Nisipokuwepo atakula," akasema.

Tukasimama nje ya ukuta, karibu na karai la Jentrix. Jentrix alinitambua. Alinitazama, akamtazama mama, akaacha kunidai mafuta yake. Akampa mama kigoda.

Hatukuona kitu. Ukuta ni mrefu. Nilitaka kupanda juu ya gogo nipige kelele moja ndogo tu, lakini mama alikuwa amenishika mkono wa shati na hakuuachia. Vidole vyake vilikuwa baridi. Nikakiweka kipaza sauti chini. Nilimfikiria Dishon anafungasha vitu vyake katika chumba cha kiwanda. Nilimfikiria anashuka kwenye basi Pap Onditi. Nikajisikia vibaya kwa muda.

Wimbo wa upande wa Wanyonyi, ukikosa wa kushindana nao, ukafifia, na ndani pakawa kimya. Kisha kelele.

"Ni nini?" mama akauliza.

Nikasema sijui.

Kelele tena. Kubwa zaidi. Nikasikia sauti moja juu ya zote, ikiita jina la Dishon mpaka inapasuka. Naijua sauti ile. Nafanya kazi kando yake kila siku. Wanyonyi!

Povu walishindwa, lakini kwa kikapu kimoja tu. Dishon alifunga nusu ya pili yote, hata mitupo ya bure. Meneja alimwambia Mwalimu Kageha kijana akae mpaka mwisho wa msimu, ndipo watazame.

Dishon alitoka wa mwisho, jasho linatiririka. Alimwona mama yake kwenye kigoda. Akapiga magoti mavumbini ili walingane. "Nyathina," mama akasema, mwanangu, na akampangusa uso kwa leso yake. Jentrix akawapa sambusa.

Nikamuuliza Dishon nini kilibadilika.

"Sijui, Mzee. Baada ya mapumziko kulikuwa kimya. Nilisikia mpira tu."

Jumapili, 12 Juni

Nimemrudishia mwinjilisti kipaza sauti. Aliuliza kama kijana ameokoka. Nimesema kabisa. Ametangaza kanisani.

Mama Dorca ameondoka na basi la mchana. Aliniaga vizuri. Alisema, "Ero kamano, asante sana, umefanya vizuri kutoka nje." Nadhani alitaka kusema umefanya vizuri kunileta. Kiswahili chake si kizuri sana.

Jumatatu, 13 Juni

Wanyonyi anaiambia Kondele nzima kwamba yeye alimwamini Dishon tangu Januari. Nimeshangaa, lakini nimemwachia. Uenyekiti bado ni wangu, na ushindi pia. Nimekaa nikachambua kwa utulivu. Kijana alikuwa amelala, kelele zangu za nusu ya kwanza zikamwamsha, na kufikia nusu ya pili ameamka. Mambo haya huchukua muda kidogo kuingia mwilini. Mwalimu Kageha hatakubali, lakini ndivyo ilivyo.

Selpha alipita. Nilimwambia arudi Ijumaa.

Jioni mimi na Wanyonyi tulikubaliana jambo, mara ya kwanza tangu tuanze kushiriki baraza. Povu hawakushindwa kwa sababu ya Dishon. Walishindwa kwa sababu ya Opiyo, yule mgeni wa Kisian, mfupi, anayegawa mipira. Ndiyo kwanza amesajiliwa, anacheza mechi ya kwanza, na tayari amepoteza mpira wa mwisho! Wanyonyi amesema huenda ana woga wa ugeni, labda apewe mechi moja zaidi.

Nimemwambia hapana. Mimi mtu wa subira, kila mtu anajua. Lakini huyu aondoke kesho.